Matanga ya Komanda

Siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga sombe, majani ya muhogo, na mdogo wangu Furaha, hana hata miaka sita, akinichambulia majani na kuimba vibaya. Wazazi walikuwa wameshakufa; mjomba aliwazika mbali, sisi hatukuwepo. Mimi, mkubwa, niliishia darasa la tano ili yeye ale.

Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka alinyamaza ghafla.

Wakaingia wenye bunduki. Komanda wao aliniangalia mikono, si uso.

"Huyu anajua kazi."

Wakanitwika gunia la mahindi. Furaha alishika kitenge changu. Mmoja akambandua vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

Kambini msituni nilipika, nilifua, nilibeba risasi. Usiku nilikuwa wa komanda. Aliyejaribu kutoroka alipigwa mbele yetu mpaka akaacha kutikisika. Baadaye komanda alimpelekea mjomba wangu mbuzi wawili, naye akawapokea. Tangu hapo, kwa ukoo wetu, nilikuwa nimeolewa.

Nilitoroka siku ya mvua kubwa. Nilimkuta Furaha kwa majirani, tukavuka mpaka. Miaka mingi baadaye tulifika Stockholm, Uswidi.

Sasa tunakaa mtaa wa Rinkeby. Mimi nasafisha ofisi mtaa wa jirani, Kista, Furaha yuko sekondari. Majira haya ya baridi darasani kwao walisoma habari za wanawake wa Marekani waliopinga utumwa kwa kuandika. Alinisomea kwa Kiswidi, akanieleza kwa Kiswahili. Mmoja wao, mtumwa aliyetoroka, aliandika hata yale bwana wake aliyotaka kumfanyia, mambo ambayo wanawake wenye heshima hawakuyataja.

"Yaya," alisema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "na wewe ulikuwa hivyo?"

Nilimwambia ale.

Jumamosi iliyofuata, kina mama wa kanisani kwetu, waliotoka nyumbani kama sisi, walifika na sufuria za wali na maharage. Habari zilikuwa zimetoka nyumbani kwamba komanda amekufa. Walikuja kukaa matanga nami. Mama Neema, mkubwa wao, alishusha godoro langu sakafuni, mahali pa mjane.

"Kaa, mama. Tutalia na wewe."

"Mume ni mume," mwingine alisema. "Wangu anakoroma kama lori, lakini akifa mtanibeba."

Walicheka kidogo. Furaha alikuwa mlangoni, ananitazama. Nilijua nikikaa pale, naye ataamini kwamba niliolewa.

Sikukaa.

"Sikuwa mke wake. Nilikuwa mtumwa wake."

"Mbuzi walitoka, mama," alisema Mama Neema taratibu. "Mjomba wako aliwapokea."

"Aliwapokea. Mimi sikuulizwa."

Mmoja alichukua sufuria yake akaenda. Wengine wakafuata. Mama Neema alirudisha godoro kitandani, akatandika shuka vizuri, akaondoka.

Kabla ya wiki kwisha, mjomba alipiga simu kutoka nyumbani.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema, akakata. Nikimpigia, hapokei.

Sasa Furaha anaandika yale ninayomwambia ya kambini, na sijutii. Lakini katika ukoo wetu, aliyebaki akijua wazazi wetu walipozikwa ni mjomba peke yake.