Kisu Nilichomwagizia Siti

Naona haya kulisimulia hili, na mpaka leo nikipita Kibokoni huvuka upande wa pili wa njia nisikutane na wale kina mama walioniona, lakini kwa kuwa habari mshaisikia nusunusu, na huko nje imetiwa chumvi, bora niwaeleze mwenyewe.

Mtoto wangu ni mmoja tu, Siti, ana miaka minane. Mimi na mamake, Saumu, tuliachana kwa wema (au ndivyo ninavyowaambia watu), na baadaye akaolewa na Faraj, mtu wa Mji wa Kale, mpole, na kibaya zaidi, ajua kupika. Siti akija kwangu Mbaraki mwisho wa wiki hana hadithi nyingine. Baba Faraj atia hiliki hivi, Baba Faraj akata vitunguu bila kutoa machozi, na mimi niliyeshinda Shimanzi nikikagua malori mpaka kichwa chaniuma namtilia mayai ya kuchemsha kwenye sahani. Siku moja niko Marikiti nachagua nyanya, nikasikia muuzaji aita, "Karibu Baba Siti!" Nikageuka kwa furaha, kumbe yuamwita Faraj, aliyekuwa nyuma yangu na kikapu. Nikacheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani zile nyanya nikampa jirani.

Basi Jumamosi moja Siti akanambia, "Baba, Baba Faraj asema nimekua, sasa nahitaji kisu changu mwenyewe, cha kufuliwa kwa kipimo cha mkono wangu, na asema—"

Sikumwacha amalize. Nilimwambia kisu atapata, atapata kwangu mimi babake, na mazungumzo nikayahamishia kwenye mpira. (Sentensi ile ningeiacha ifike mwisho, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.)

Jumatatu yake nikatoka kazini mapema nikaenda kwa fundi mmoja wa visu nyuma ya soko. Akaniambia nimlete mtoto ampime mkono, maana kisu cha mtoto chataka mpini mwembamba, ubapa mfupi, na ncha ya mviringo asije akajidunga. Maneno ya maana kabisa. Lakini mimi kichwani namwona Faraj tu, naona keshanitangulia kwa fundi mwingine, kwa hivyo nikasema mtoto hapatikani, nikanyoosha kiganja changu, nikadai wake ni kama huu, umepungua kidogo. Ncha nikaitaka kali. Ubapa nikauongeza, nikamwambia mtoto yuakua. Nikaagiza mpini wa mpingo wenye pete ya shaba, na jina la Siti lichorwe kwenye chuma kwa herufi kubwa. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kama mtu anayeagiza upanga wa sultani.

Jumapili iliyofuata kina Faraj walikuwa na karamu kwao Kibokoni, Siti amehitimu juzuu ya Amma, na mimi nimealikwa. Nikaona hapo ndipo mahali pake, mbele ya watu wote, nitoe zawadi yangu na Faraj aone. Nilipokipitia kisu asubuhi ile, ala yake ilikuwa bado mbichi kwa gundi. Fundi akasema nikifuate kesho. Nikakataa. Nikakizungushia gazeti, nikakitia mfukoni mwa kanzu, nikaenda zangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa, wanaume kwenye mikeka, kina mama chumba cha pili na mlango u wazi. Mkwe wangu wa zamani, mama aliyemzaa Saumu, ambaye tangu zamani hakuwahi kunipenda, alikuwa amekaa kitini karibu na mlango, na adabu ilinitaka nianzie kwake. Nikainama kumwamkia. Nikasikia kitambaa chachanika, nikahisi upepo pajani, halafu kisu kikaanguka sakafuni mbele ya miguu ya bibi yule, gazeti kule, chuma huku, king'aacho.

Watu wote ukumbini wakanigeukia. Sasa jitieni mahali pao: mume wa zamani ameingia nyumbani kwa mume mpya na kisu mfukoni chenye urefu wa kuchinjia ng'ombe. Kabla sijafungua kinywa, wajomba wawili wa Siti walikuwa wamenishika mikono, na kanzu imepasuka kutoka mfukoni mpaka chini, na bukta yangu ya kulalia, ile ya maua, i wazi mbele ya kina mama.

Nikasema ni cha Siti. Yule bibi akainama, akasoma chuma, akawageukia watu. "Amemwandikia mtoto na jina lake," akasema.

Sijawahi kuona sentensi moja ikimfunga mtu namna ile. Saumu alitoka akaniangalia na kuanza kulia. Majirani wakajaa mlangoni. Nikajieleza, nikataja fundi, nikataja gundi, na kila nilivyoongeza neno nilizidi kuonekana mwongo.

Aliyeniokoa ni Faraj, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliwaambia wajomba waniachie, akanifunga shuka kiunoni kwa mikono yake, kisha akaniuliza taratibu, "Siti hakukwambia? Nilimtuma aje akuombe wewe. Kisu cha kwanza nilitaka apewe na babake."

Siti akasema alianza kunambia. Kisha akakishika kile kisu kwa mikono miwili, kikamwinamisha. "Baba, hiki ni cha nani?" akauliza, na hapo watu wakacheka, na mimi nikatamani wangenipiga.

Wiki iliyofuata sote watatu, mimi, Faraj na Siti, tulikwenda kwa fundi. Siti akaweka mkono juu ya kipande cha katoni, fundi akauchora, na mpini akauchagua mwenyewe, wa mti mweupe wa kawaida, bila shaba. Nilikilipia mimi, Faraj akasimama nje makusudi. Siku tulipokichukua, Siti alikata nyanya palepale kwenye meza ya fundi, polepole, vidole amevikunja alivyofundishwa, na kipande cha kwanza akampa Faraj. Cha pili akanipa mimi. Nikakila nikitabasamu mpaka mataya yakaniuma.

Kwa hivyo nimeapa: mtoto akiniletea habari ya mtu mwingine, nitamwacha aseme mpaka mwisho. Wivu wenyewe siwezi kuwaapia.