Damu ya Kulinganishia

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata leo sijaisahau. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maabara za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa Singida mjini. Nilikuwa binti niliyetoka chuoni juzi tu, najiona najua kila kitu.

Tulikuwa tukipima damu ya wanaume kutafuta dalili za saratani ya tezi dume. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vilitoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi la barafu. Safari ile basi liliharibika njiani, Kintinku, likalala huko. Nilipofungua boksi nikakuta barafu imegeuka maji ya uvuguvugu. Nikamwaga maji, nikavitia vitendanishi kwenye friji, nikanyamaza. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi, nikaona haya kuwarudisha.

Sheria yetu ilikuwa kwamba kila ukipima, kishimo kimoja cha sahani ya kupimia utie damu ya kulinganishia, ile ambayo tayari unajua ina ugonjwa. Rangi ikikolea hapo, vitendanishi ni vizima. Mimi niliiruka, ati foleni ni ndefu. Ujana, mwanangu! Vishimo vyote vikatoka vyeupe, kana kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja. Nikafurahi kama mjinga, nikaanza na Mzee Njiku, mkulima wa Mungaa, nikamwandikia kwamba yuko salama. Akaondoka ananiombea dua.

Mkuu wetu wa maabara, Mzee Hamisi, akaja kutazama.

"Damu ya kulinganishia iko wapi?"

"Nimeiruka, mzee."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alichukua damu ile akaipima mwenyewe, tukakaa tunaitazama. Haikukolea hata kidogo. Vitendanishi vilikuwa vimekufa, na nikamweleza habari ya barafu huku nalia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Ila wewe umeficha, atakayekufa ni mwenzio. Nenda kamtafute."

Basi la Mungaa lilikuwa linaondoka saa nane, na ilikuwa saa nane kasorobo. Nilikimbia na koti langu jeupe hadi stendi, watu wakinishangaa. Nilimkuta Mzee Njiku ameshakaa dirishani, anawahadithia abiria kwamba hana ugonjwa. Nilitamani lile basi liondoke tu, nipone aibu. Nasema kweli, nilitamani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti! Umenisindikiza?"

"Hapana, babu. Nimekosea. Karatasi niliyokupa si jibu."

Akaitoa ile karatasi mfukoni.

"Kwa hiyo naumwa?"

"Sijui, babu. Shuka usubiri dawa mpya, tukupime upya."

Akaomba ashushiwe mzigo wake. Vitendanishi vipya vilipofika, damu yake ilikolea rangi, kumbe dalili za ugonjwa anazo. Akapelekwa hospitali kubwa, akatibiwa mapema.

Mwaka uliofuata alikuja maabara kwa miguu yake mwenyewe. Akanishika mkono, akasema, "Binti, ungeona aibu siku ile, ningekwenda kufa huku nacheka."

Basi mwanangu, kazi yoyote utakayoshika, usiruke hatua ile inayokuumbua, kwa kuwa ndiyo inayomlinda mwenzio. Na ukikosea, kimbia ukaseme kabla basi halijaondoka. Mungu akupe mkono makini, akupe na miguu ya kuliwahi kosa lako, uzeeke ukiwa na usingizi mtamu.