Kurasa Kumi na Tisa za Wachina wa Kale

Mwenzangu wa chumbani, dereva Mganda, ndiye aliyenionya kwamba ukiruka tanbihi hata moja katika kitabu cha fikra za Wachina wa kale, akili inajifunga. Tena alikuwa na ushahidi.

"Kuna jamaa anayekaa kule Umm Salal, ssebo, aliruka tatu tu. Mpaka leo mamake akimpigia simu, jamaa anamuuliza, wewe nani?"

Niliamini kabisa, kama ninavyoamini jua la Agosti.

Wakati huo nilikuwa soja wa mlangoni kwenye jengo moja la West Bay, ugenini kwa Waarabu, huku namalizia masomo ya jioni. Jaribio la mwisho lilikuwa kusimama mbele ya darasa dakika kumi na kueleza kitabu kimoja kigumu. Ukishindwa, hakuna cheti, unarudia mwaka mzima. Mimi na mdomo wangu nikachagua kinene kuliko vyote maktabani. Siku nilipoingia nacho kazini, lifti ilisita.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu. Chini yake tanbihi, vijiherufi kama mayai ya chawa, mpaka ukingoni. Profesa mmoja anasema neno fulani la Kichina ni "heshima", wa pili anasema hapana, ni "ibada", wa tatu anawacheka wote wawili kwa Kijerumani. Nilizisoma zote. Zile za Kijerumani nilizitazama neno kwa neno, kwa adabu, nisije nikamsahau mamangu.

Wiki sita, kurasa kumi na tisa. Kitabu kilikuwa na mia sita.

Nikamwomba msaada mhandisi Mchina aliyepita mezani kwangu kila asubuhi. "Rafiki yangu, mimi natengeneza lifti," akasema. "Hicho sijawahi hata kukifungua."

Siku ikafika, nikasimama. Kurasa zangu zilikuwa kumi na tisa, lakini hizo nilizijua kumshinda aliyeziandika.

"Wazee hawa," nikaanza, "wanasema mji hausimami kwa kuta wala askari. Unasimama kwa namna watu wanavyoamkiana, nani anatangulia mlangoni, nani anainama. Maprofesa wanatoka jasho kueleza jambo ambalo shikamoo hulimaliza kwa pumzi moja! Mimi nafungua mlango mara elfu kumi kwa siku. Mudir, bosi wao, asipojibu salamu, ghorofa yake nzima hainijibu."

Darasa likapiga meza.

Mwalimu wetu, mama Mkenya ambaye mchana ni muuguzi, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Umefaulu. Sasa niambie ukweli, umefika ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza na habari za yule jamaa wa Umm Salal. Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye alivua miwani tu.

"Mwanangu, tanbihi inaonyesha mwandishi ametoa wapi maneno yake. Ukitaka kuhakikisha, unaisoma. Hutaki, unaendelea."