Farasi Niliyemkana Griftu

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizunguka. Nilimkana farasi wangu mwenyewe mchana kweupe, nikamtwika mzee ambaye hata neno "hapana" kwa Kiswahili hakulijua. Miaka mingi nimesimulia habari hii nikiwa shujaa. Shujaa gani? Nilijikojolea.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, serikali ikiwasaka waasi wa Kisomali porini, kwenye soko la mifugo la Griftu. Mimi nilikuwa dalali. Shule niliacha darasa la nne, baada ya mimi na mwalimu kukubaliana kwamba tumechoshana. Lakini Kiswahili kidogo kilinibakia, na pale sokoni hicho kilitosha niitwe msomi.

Siku hiyo mzee mmoja wa upande wa Bute alileta farasi mwekundu. Ngamia tuliwazoea, ila farasi alikuwa kitu cha kutazamwa. Nikasema huyu simnunulii tajiri yeyote, namnunua mimi, nipite naye mbele ya wakwe. Hebu fikiria, miguu yangu hii kama fimbo za kuchungia, juu ya farasi!

Kwetu bei haitamkwi. Mnashikana mkono, mnafunika na shuka, vidole ndio vinaongea, na wanaotazama hawaambulii kitu. Anayechomoa mkono amekataa. Sisi tulikuwa tumeshapatana. Mzee alikuwa ameniminya kiganja kizima kukubali, farasi ni wangu, na bado tulikuwa tunaombeana baraka. Ndipo lori la askari likaingia.

Watu walitawanyika kama kuku. Rafiki yangu, dalali mwenzangu aliyesimama kando yangu, aliruka ua wa miiba kama hauko. Mimi mkono ulikuwa bado chini ya shuka, mzee ameushika. Siku hizo mwenye farasi alidhaniwa anawapelekea shifta chakula porini. Tuliwajua waliochukuliwa kwa sababu kama hiyo. Wengine hawakurudi.

"Wewe warya! Toa mkono hapo chini!" askari mmoja akanifokea, kwa neno walilotuitia Wasomali kwa dharau.

Nikavuta. Mzee akashikilia. Hakuelewa kilichosemwa, alidhani navunja biashara. Nikavuta tena, akakaza, anacheka. Askari akainua shuka kwa mdomo wa bunduki, akatukuta tumeshikana kama maharusi.

"Farasi wa nani?"

Hapo ndipo kikoi kililowa.

"Wake, mwalimu," nikasema. Walahi, nilimwita mwalimu.

Mzee akaniuliza kwa Kisomali, akiniita kwa upole kama mtu wa ukoo wake, "Adeer, anasemaje?"

"Anamsifu farasi."

Uso wake ukachanua. Akampapasa farasi shingoni, akajigonga kifua, akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo. Wakampandisha mzee kwenye lori, farasi wakamfunga nyuma, wakaondoka polepole kuelekea kambini.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha chai. Adhuhuri ikapita. Halafu risasi, upande wa kambi. Moja tu. Nikamwomba Mungu iwe ya farasi. Nikangoja ya pili mpaka masikio yakaanza kunitengenezea zingine. Kila aliyekohoa nje, nilidhani anakuja kunichukua.

Karibu na alasiri mzee akatokea kwa miguu, jicho limevimba, hatamu tupu mkononi. Nilitaka kukimbia. Akachuchumaa mbele yangu.

"Kule kuna karani anajua Kisomali," akasema. "Alinitafsiria yote, aliyokuuliza askari na uliyomjibu, neno kwa neno. Nikawa nangoja sehemu ya sifa."

Nikamnyooshea pesa tulizopatana, hakuzitazama. Akainuka, akashika njia ya kwao.

Jioni rafiki yangu akarudi. Nikamweleza yote, nikingoja anitukane. Hakunitukana, basi nikamchokoza mimi.

"Lakini na wewe, bwana, ulikimbia kama paa! Bunduki moja tu!"

"Bunduki?" akasema. "Mimi sikukimbia bunduki. Nilikimbia nisiulizwe farasi ni wa nani."