Siagi Ndani ya Kuvezi

Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla miezi haijatimia, wiki tatu baada ya sisi kukimbia Masisi na kuingia Goma kwa miguu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwenye kituo cha afya walimulaza ndani ya kuvezi, sanduku la kioo lenye kutoa joto. Ilikuwa moja tu, na kengele yake ya kuonya ilikuwa imekufa zamani. Vita ilikuwa inasogea upande wa Sake, karibu na Goma. Niliogopa mabombe, na niliogopa jenereta ya uani isije ikazimika.

Fundi wa mashini alinielezea, kwa sababu nilimulazimisha. Nimesoma sekondari, sipendi kuambiwa "usijali, mama." Juu ya tumbo la mutoto walikuwa wamebandika kwa plasta sonde, uzi wenye kichwa kidogo kama punje ya mutama.

"Ndani yake kuna thermistance," akasema. "Ikipata joto, inaachilia umeme upite. Ikipata baridi, inaubana. Kuvezi haina macho, inasikiliza hiyo punje tu. Ikisikia baridi, inaongeza moto."

"Na punje ikitoka mwilini?"

"Itapima hewa. Usiache itoke."

Mama mukwe wangu hakuambiwa na mutu. Hata miye sikumwambia. Hilo ni kosa langu, ninaliandika.

Ng'ombe zake zote zilibaki mikononi mwa wenye bunduki. Alichobeba ni kibuyu cha siagi. Kwao mutoto hapokelewi bila kupakwa siagi ya ng'ombe za babu yake. Asubuhi moja nilienda kunawa. Niliporudi, alikuwa anatoa mikono kwenye matundu ya kuvezi, vidole vinang'aa, uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tukimbie.

"Sasa huyu ni mutoto wa watu," akasema.

Nilimukasirikia juu ya uchafu tu. Plasta sikuiangalia.

Karibu saa sita mabombe yakaanza kuanguka jirani. Vioo vikatetemeka, watu wakalala chini. Nikaingiza mukono nimushike mutoto. Alikuwa anawaka, anahema haraka kama kifaranga.

"Muganga! Mutoto iko na moto!"

Muganga, muuguzi wa zamu, mama mutu mzima, alikuwa amechuchumaa karibu na mulango. Akainua shingo kusoma namba kwenye mashini: 34,2. "Trente-quatre virgule deux. Iko na baridi, mama. Acha ipashe."

"Njoo umuguse!"

"Weye ndiye muganga? Mashini haidanganyake."

"Inadanganya! Njoo, ao nitamutoa mwenyewe!"

Akaja kwa magoti akinung'unika, akamuweka termometa kwapani. Manung'uniko yakaisha. Trente-neuf virgule trois: 39,3. Ndipo tukaona: plasta imeteleza juu ya siagi, punje imelala kwenye tundu, pale hewa ya inje inapoingia. Kuvezi ilikuwa inamupika mutoto wangu ikidhani inamuokoa.

Akapunguza moto, akafungua matundu. Plasta mpya ikakataa kushika. Nyingine ikakataa. Maji yalikuwa yamekatika, spiriti ya kufutia siagi imeisha.

"Ishikilie weye," akasema. "Lakini si kwa kidole! Itasoma joto lako." Akanikunjia kompresi nene, kitambaa cha kufungia kidonda. Nikaibana punje tumboni kwa ile kompresi, nikasimama.

Bombe lingine. Vumbi likashuka kutoka dari. Watu wote chini, miye peke yangu wima kama mujinga. Mukojo ulinitoka, ninasema ukweli. Mama mukwe akavuta kitenge changu.

"Lala chini, mukamwana! Utakufa!"

"Siagi yako ndiyo imenisimamisha hapa! Niache!"

Akaniacha. Kisha nikasikia anajikokota, anasimama kando yangu. Akapitisha mukono kwenye tundu la pili, akaanza kumufuta mutoto siagi kwa ncha ya kitenge chake, tumbo, kifua, polepole. Mikono yetu ikawa inagongana mule ndani.

Namba kwenye mashini zikaanza kushuka: trente-huit virgule neuf, 38,9. Trente-huit virgule deux, 38,2. Inje walikuwa bado wanapiga. Nilikuwa ninatukana waziwazi wote wenye kupigana, wale wa huku na wale wa kule, na hakuna aliyenikataza.

Trente-sept, 37, joto la mutoto muzima.

Plasta safari hii ikashika. Muganga akaniambia nikae, lakini vidole vyangu vilikataa kuachia kompresi. Mama mukwe akavifungua kimoja kimoja. Sikumushukuru.