Nafasi Kati ya Nondo

Saa mbili asubuhi, mashine za karakana zinaunguruma, na mchoraji ameiinamia kompyuta yake utadhani anataka kujificha ndani. Anachora nondo moja nyembamba. Anaiagiza kompyuta iirudie hadi ubavu wa kitanda ukamilike, ubavu urudiwe upande wa pili, kisha kitanda kizima kirudiwe mpaka oda itimie.

“Nondo ya kwanza ndiyo mama,” anasema. “Ukimgusa mama, wana na wajukuu wote wanabadilika. Hapo ndipo nilipoboronga.”

Kwa kasi yake, wenzake humwita Umeme. Siku hizi wakimwita, huitika bila kuinua uso.

Oda ilikuwa ya vitanda vya wodi ya watoto, na mchoro ulikuwa umeshapitishwa. Umeme akataka tu kuona kitanda kingekuwaje kikiwa chepesi, akapunguza nondo kwenye ule ubavu wa kwanza. Zilizobaki zikajipanga upya, nafasi zikatanuka kutoka sentimita sita hadi tisa na ushei, na vitanda vyote vikafuata. Mara akaitwa kula. Aliporudi alikuwa ameshasahau. Akavitazama: vyote vinafanana, hakuna kilichopinda. Akatuma mchoro vyuma vikakatwe.

Vitanda havijakaa sana wodini, mtoto wa mwaka mmoja akapenyeza miguu kati ya nondo, mwili ukapita, kichwa kikanasa. Mama yake alipiga yowe, wodi nzima ikakusanyika. Muuguzi akamnasua mtoto, mzima, shingo imechubuka.

Umeme na bosi wake wakaenda kuomba radhi. “Ni kompyuta tu, mama,” bosi akasema. “Mitambo hii nayo ina visirani vyake.” Umeme akaitikia kwa kichwa.

“Yule mama akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja kumjulia hali mwanawe,” anasimulia, machozi yakimlengalenga. “Anishukuru mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Naona haya mpaka leo. Kompyuta ilifanya nilichoiambia.”

Leo vitanda vilivyorudishwa karakana vimeshaongezwa nondo, vinapakiwa garini. Fundi wa kuchomelea anajaribu kumchangamsha. “Dada, acha kujitesa. Kuteleza si kuanguka.”

“Niliteleza mimi, kaka, akachubuka mtoto wa mwenzangu.”

Umeme anamwomba bosi amruhusu kwenda na gari hilo.

“Ukafanye nini tena? Yaliyopita si ndwele.”

“Kwangu bado yanauma, bosi.”

Bosi anaguna, anageukia simu yake. Umeme anachukua mkoba, anapanda mbele pamoja na dereva.

Muuguzi amemwambia kwamba yule mama bado yuko wodini, na tangu siku ile mtoto analala kifuani pake. Mama hataki kusikia habari ya kitanda.

“Nitamwambia ni mimi, uso kwa uso,” anasema Umeme. “Akinifokea, nitasimama palepale. Ila natumaini, akishamaliza kunifokea, atamlaza mwanawe, naye anyooshe mgongo.”