Hoteli Isiyo na Jina la Mwenyewe

Mimi ni mwepesi wa hasira, na mwaka wa 1964 Kajuju alinikasirisha kabla hata hajafungua mlango. Alikodi chumba kilichopakana na duka langu hapa Isiolo, akaita fundi wa rangi, akamwambia aandike ubaoni: HOTELI YA MSAFARA. Nikamwuliza kwa nini hakuandika Kwa Kajuju, kama mtu mwenye heshima zake.

"Baba Wangui," akasema, "jina yangu nitaenda nayo siku nikiuza."

Kuuza! Chai ya kwanza haijachemka, mama anazungumza habari ya kuuza. Kwangu mimi duka lilikuwa kitu cha kufia. Yeye aliiona biashara kama ndama: unamlisha, ananenepa, unampeleka sokoni akiwa na afya. Alikuwa mjane kutoka Meru. Shemeji zake walimfukuza shambani pamoja na mwanawe Kithinji, kaburi la mumewe halijakauka. Alitaka shamba lenye hati ya jina lake mwenyewe, na hoteli ilikuwa njia ya kufika huko, basi.

Msafara nao ulikuwa hivi. Ile ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliovamia magari barabarani, na lori halikuruhusiwa kwenda Marsabit wala Moyale peke yake. Malori yalikusanyika hapa mjini yakingoja askari wa kuyasindikiza, mara nyingine siku mbili, tatu. Sisi wenye maduka tuliona hatari. Kajuju aliona madereva wenye njaa wasio na pa kwenda.

Msafara wa kwanza ulipokusanyika, alipika sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi. Madereva wakaja, wengi wao Wasomali na Waborana, salaam aleikum nyingi, wakaketi. Mmoja akauliza mbuzi alichinjwa na nani.

"Kobia, binamu yangu," Kajuju akajibu kwa fahari. "Mtu safi sana, ni mzee wa kanisa."

Wakanywa chai ya rangi, wakalipa, wakaondoka kwa adabu. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nyama ile tuliila mimi na majirani siku mbili.

Yeye hakulia. Kesho yake alikwenda mtaa wa Kiwanjani akamtafuta Asho, mama wa Kiborana aliyesifiwa kwa mapishi, akamkabidhi jiko lote. Asho hakumficha: "Mama, nyama itachinjwa na Mwislamu, na hii sufuria yako yote itoke." Kajuju akaniuzia mimi sufuria zile, tena kwa bei ya kunikamua, akanunua mpya. Benchi zikajaa. Hata hapo hakutulia. Alijua vita vikiisha malori yatapita bila kusimama, kwa hiyo akaanza kuwapikia makarani wa serikali chakula cha mchana.

Mimi nilikunywa chai pale kila asubuhi. Mke wangu alikuwa amefariki, binti yangu Wangui yuko Nyeri kwa nyanya yake, na kubishana na Kajuju ndiko kulikonipa nguvu ya kufungua duka. Nasema wazi: nilimpenda. Sikumwambia, nikidhani kuna muda.

Mwisho wa 1966 akapata shamba Kibirichia, huko kwao Meru, na muuzaji akampa hadi Krismasi alipe. Mutembei, mwenye malori kutoka Meru, aliitaka hoteli, lakini akasita. "Watu wanafuata mkono yako," alimwambia mbele yangu. "Ukienda, nitakuwa nimenunua benchi tu."

"Basi mimi naenda kwa mama yangu wiki tatu," Kajuju akasema. "Wewe kaa hapa, kula kila siku."

Akaenda kweli. Wiki ya tatu Mutembei akaingia dukani kwangu. "Mzee, wewe umekunywa chai ya huyu mama miaka mbili. Niambie ukweli. Imebadilika?"

Neno moja tu. Ningesema imebadilika, Krismasi ingepita, shamba lingekwenda kwa mwingine, na Kajuju angebaki upande wa pili wa ukuta wangu. Na ukweli niliujua, tena uliniuma: chai niliyoisifu kwa mkono wa Kajuju ilikuwa ya Asho tangu mwaka wa kwanza.

"Haijabadilika hata kidogo," nikasema. "Nunua."

Siku hiyo niligombana na kila mteja.

Kajuju alirudi, akapokea pesa zake, akaja kuniaga mizigo ikiwa tayari garini. "Mutembei ameniambia alikuuliza," akasema. "Ulikuwa unaweza kunifunga hapa, Baba Wangui. Na hukunifunga."

"Nilitaka sana," nikasema.

"Najua." Akalitazama duka langu kutoka dari hadi sakafu. "Na hii yako, ukitoka wiki tatu, itasimama?"

Sikuwahi kuliacha hata siku mbili. Akasema Kibirichia kuna baridi, na nafasi ipo, na yeye haharakishi mtu. Gari likaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilimwita Nakiru, mama wa Kiturkana aliyekuwa akiniletea kuni, nikamwingiza upande wa ndani wa kaunta, nikaanza kumfundisha kupima sukari.